Mnazi wa Kilifi na Malindi: Tei Inayoanza Kuiva Ikiwa Bado Juu ya Mti

Kila Desemba stori ni ile ile. Wasee wa Kanairo wanajaza treni na mabasi ya usiku, wanashuka Mtwapa, Kilifi, Watamu ama Malindi, na kufikia siku ya pili kuna mmoja kwa mbogi anauliza, "Kwani mnazi unapatikana wapi?" Mtu wa nduthi anawapeleka kwa mangwe fulani ndani ndani, wanawekewa kinywaji cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, wanaonja, wanakunja uso, wanaposti. Wengi stori yao na mnazi inaishia hapo. Wanarudi wakisema ni mchachu, ama unanuka, ama ni maji ya sukari tu na hauna kitu.

Inawezekana wote wamesema ukweli. Shida ni kwamba hakuna aliyeuliza saa. Mnazi ulioteremshwa alfajiri ni kinywaji kimoja saa mbili asubuhi, kingine saa saba mchana, na kingine kabisa jioni ikifika, na hayo yote yanatokea ndani ya mtungi ule ule bila mtu kuongeza kitu. Ukishaelewa saa ya mnazi, utaelewa ladha yake, wanaouchakachua, na hata kwa nini kila serikali inayoingia huwa haijui iuweke wapi.

Tuanze na jina

Pwani ya Kenya neno mnazi ni mti na pia ni pombe inayotoka kwa huo mti. Kiswahili cha zamani, na hadi leo ukivuka upande wa Tanzania, pombe yenyewe ni tembo. Anayepanda kuitoa ni mgema, na kazi yake ni kugema. Ile methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ambayo wengi tuliikariri darasani ili tupate maksi, inamhusu huyu jamaa. Wateja wakimsifu sana, anaanza kuongeza maji ili tembo lienee. Hiyo haikuwa falsafa, ilikuwa malalamiko ya wateja. Tutarudi kwa hayo maji baadaye.

Kwa Kigiriama pombe huitwa uchi. Kwa hivyo mzee wa Kaloleni akikuambia amekuandalia uchi wa mnazi, tulia, usitoke mbio.

Na kuna utani mwingine umejificha hapo. Mwaka 1923 mmoja wa waanzilishi wa Kenya Breweries, George Hurst, aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia yao ikapewa jina Tusker kwa sababu ya huyo mnyama. Nairobi wakaweka tembo kwa lebo. Pwani tembo alikuwa tayari kwa kibuyu, miaka mingi kabla.

Lakini si mtu anaweza kupika bia yake huku?

Swali hili linaulizwa sana siku hizi kwa sababu kuna wasee wanaopika bia kwa nyumba, na wengine wanaota kupanda hopsi zao wenyewe Kilifi ili wapike bia ya hopsi mbichi. Hopsi ni yale maua ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu. Kwa kawaida hukaushwa, lakini kuna bia zinazopikwa na hopsi zikiwa mbichi kabisa, na hapo wapishi hukimbizana kuzitoa shambani hadi kwa sufuria ndani ya siku moja kabla hazijaharibika.

Kwa Malindi hiyo plan ni ngumu. Mhopsi unapenda baridi kali inayoulaza, halafu kiangazi chenye mchana mrefu sana ndio utoe maua ya maana. Ndio maana unalimwa zaidi kati ya nyuzi 35 na 55 kutoka ikweta: Ujerumani, Ucheki, Uingereza, kaskazini magharibi mwa Marekani. Afrika Kusini wanaulima karibu na mji wa George, nyuzi 34 hivi kusini, na hata huko ilibidi wazalishe aina zao wenyewe zinazovumilia mchana mfupi. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Mchana ni saa kumi na mbili Januari, na ni saa kumi na mbili Julai. Mmea unaweza kupanda ukuta na kutoa majani mazuri ya kupigia picha, lakini maua ya kujaza sufuria usiyangoje.

Ukitaka kinywaji kilichochacha, kilicho kibichi, kilichotoka hapo hapo na kisichoweza kusubiri kesho, Pwani ilishajibu hilo swali. Tena bila sufuria, bila moto na bila kununua hamira.

Kazi ya mgema

Watu wengi wa bara hudhani mnazi hutoka kwa madafu. Hapana. Ukigema hupati nazi, ukitaka nazi hugemi, angalau kwa kole hilo.

Mnazi wenye afya hutoa kifuko kipya cha maua karibu kila mwezi. Kikiwa bado kimefunga, kabla maua hayajachomoza, ndani yake kuna mti mzima unasukuma sukari kwenda kulisha nazi zitakazozaliwa. Mgema anaingia hapo katikati. Anakifunga kifuko kwa kamba kisipasuke, anakilainisha kwa kukipigapiga taratibu siku kadhaa, anakiinamisha kidogo kidogo, kisha anakata ncha. Utomvu unaanza kudondoka. Chini yake anafunga chombo, zamani kibuyu, siku hizi mara nyingi ni chupa ama kidebe cha plastiki.

Kisu chake kinaitwa kotama, kimepinda na kina makali ya kunyolea. Kila akipanda, anakata kipande chembamba sana kwa ile ncha ili kidonda kibaki kibichi. Akikata kipande kinene, kifuko kinaisha mapema na amejikata mfuko wake mwenyewe. Akikosa kukata, kidonda kinakauka na utomvu unakatika. Ndio maana anapanda asubuhi na anapanda tena jioni, kila siku, kwa kila mti alio nao. Hakuna off. Hakuna Jumapili. Mvua ikinyesha shina linateleza na bado anapanda, kwa sababu mti haujui kama leo ni sikukuu.

Kupanda kwenyewe ni kwa vipago, zile ngazi ndogo zilizochongwa kwenye shina lenyewe. Ukitembea Rabai, Kaloleni ama nyuma ya Takaungu, angalia mashina. Wenye vipago ni mti wa kugema ama wa kuangulia madafu. Minazi mirefu ya asili ya huku inaweza kufika mita 20 na zaidi, na mgema anapanda bila kamba ya usalama, kotama kiunoni, anashuka na chombo kimejaa. Akianguka, mara nyingi hakuna bima, hakuna fidia, na mwenye mti hadaiwi kitu. Ukisikia mtu analalamika kuhusu bei ya mboko, mwambie apande mti mmoja tu.

Si kila mgema anamiliki minazi anayopanda. Kuna anayegema yake ya urithi, kuna anayekodi miti ya mwingine, na kuna wanaogawana na mwenye shamba kile kinachodondoka. Mti mmoja hutoa lita moja hadi mbili hivi kwa siku ukiwa vizuri, kwa hivyo ili utoboe lazima uwe na miti mingi, na miti mingi maana yake ni kupanda mara nyingi. Hesabu hiyo ndiyo inawachosha vijana. Jamaa wa miaka 20 Kilifi akilinganisha nduthi na kotama, anachagua nduthi, na ni ngumu kumlaumu.

Sehemu kavu za ndani, ambako minazi haishiki vizuri, kuna pombe inayogemwa kutoka kwa mkoma, ule mti wenye shina linalogawanyika. Ina wapenzi wake. Lakini ukiagiza mnazi na upewe wa mkoma, ladha si moja, na una haki ya kuuliza.

Saa ya mnazi

Utomvu ukitoka kwa ncha ni tamu kabisa na hauna pombe hata kidogo. Una sukari nyingi, asilimia 10 na kupanda. Lakini hewa, ncha ya kifuko na chombo cha jana vina hamira na bakteria vinavyosubiri tu. Tone la kwanza likigusa chombo, kazi imeanza. Hamira inageuza sukari kuwa pombe na gesi, na ile gesi ndiyo povu unaloliona likitoa sauti ndogo kwa mtungi. Sambamba na hiyo, kuna bakteria inayoitwa Zymomonas inayofanya kazi ile ile kwa kasi, na kuna zile za kuchachusha maziwa zinazoleta uchachu na rangi nyeupe.

Kwa hivyo mgema akishuka asubuhi, kilichodondoka usiku kucha tayari kina pombe. Mnazi umeanza kuiva ukiwa bado juu. Hapa ndipo unatofautiana na bia, ambayo mpishi anaamua ianze lini na iishe lini. Mnazi hauna mpishi. Mgema anaweza tu kuamua anaosha chombo vipi na anashuka saa ngapi.

Tangu hapo, saa inaenda hivi. Masaa mawili matatu ya kwanza ni tembo tamu: utamu uko mbele, pombe iko nyuma, povu linachemka. Hii ndiyo wanaopewa wageni na wale hawajazoea. Kuelekea mchana sukari imeliwa, pombe imefika asilimia 4 hadi 6 hivi, yaani level ya bia ya kawaida, na uchachu umeanza kuuma. Wenyeji wengi wanaupenda hapo. Jioni ni tembo kali: kavu, chachu, harufu imekolea, na wazee wanaosema hii nyingine ni juisi ya watoto wanakaa hapo. Kufika kesho yake bakteria za siki zimeingia kazini, zinakula pombe yenyewe na kuigeuza asidi. Nguvu haiongezeki tena, inapungua, ingawa ukali wa mdomoni unakudanganya kwamba imeongezeka.

Watu wengi wanakosea hapo mwisho. Ukali wa ulimi si ukali wa pombe. Mnazi mtamu wa asubuhi unapita kama soda, unakunywa lita mbili ukiongea chini ya jua la saa saba. Ukisimama ndio unajua. Hii ni kinywaji cha kukaa chini, kula samaki na mihogo kando, na maji ya kawaida katikati. Na mtu wa nduthi aliyekuleta, kama amekunywa pia, mwache alale hapo, tafuta mwingine.

Friji inasaidia kuchelewesha saa lakini haiisimamishi. Chupa iliyofungwa kabisa ni hatari, kwa sababu gesi inaendelea kujaa. Kuna wasee wamebeba mnazi kwa chupa ya soda hadi Nairobi wakidhani wamefanya la maana, wakafungua kifuniko Mtito Andei na basi zima likanuka. Ukibeba, legeza kifuniko. Ama usibebe, maana kitakachofika sicho ulichokipenda.

Mnazi wa kutengeneza

Sasa ile habari ya maji. Kwa sababu mnazi halisi ni kidogo, unatoka mara mbili kwa siku na unaharibika haraka, siku ya wikendi mahitaji yanazidi mti. Hapo ndipo ujanja unaingia. Wa kwanza ni maji, ule ule wa methali. Wa pili ni sukari na hamira ya dukani juu ya mnazi kidogo, ndio upate povu na kichwa. Huo haukuui, lakini umeibiwa, na asubuhi kichwa kitakuambia.

Ujanja wa tatu ndio noma kweli. Kuna watu wanaoongeza spiriti za viwandani kwa vinywaji ili vikate haraka. Spiriti hizo zinaweza kuwa na mithanoli, na mithanoli kidogo tu inatosha kupofusha mtu ama kumuua. Mnazi uliogemwa ukachacha wenyewe hauleti mithanoli ya kufikia kiwango hicho. Inaletwa na mkono wa mtu. Na usidanganywe na wataalamu wa base wanaosema wataijua kwa ladha, harufu ama kwa kuwasha kiberiti. Hutaijua. Mtu akinywa kisha baada ya masaa kadhaa aanze kuona ukungu, kutapika, tumbo kuuma na kupumua kwa shida, hiyo si hangover ya kulala. Ni hospitali saa hiyo hiyo, na mwambie daktari alikunywa nini.

Kinga unayoweza kuweka ni ndogo na ni ya kizamani: kunywa mahali wanapojua mgema ni nani na mnazi umefika saa ngapi. Mangwe nyingi zinaendeshwa na kina mama ambao wana wagema wao wa miaka. Muulize mama kwa heshima, "Shikamoo mama, huu ni wa asubuhi ama wa jana?" Mwenye mnazi mzuri anajibu bila kufikiria, na mara nyingi anakuongezea jina la kijiji ulikotoka. Anayekwepa swali, na wewe mkwepe. Angalia pia povu: mnazi hai unachemka polepole wenyewe na una vipande vidogo vya mti na hata wadudu, ndio maana wazee hunywa kwa mrija wenye kichujio cha nyuzi kwenye ncha. Mnazi safi kupita kiasi, mweupe kama umetoka kiwandani, unafaa ukupe wasiwasi zaidi kuliko ule wenye kauchafu ka mti.

Mnazi na siasa za mtaa

Kwa Wamijikenda mnazi si wa kulewa tu. Posa na mahari haziendi bila huo, matanga vilevile, na wazee wakienda kuzungumza na koma, yaani mizimu ya waliotangulia, hummwaga kidogo chini kwanza. Misitu ya kaya ambako baadhi ya mambo haya hufanyika iliwekwa na UNESCO kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mwanahistoria Thomas Herlehy aliandika mwaka 1984 jinsi mnazi na undugu wa kuchanjiana damu ulivyounganisha wafanyabiashara wa Pwani karne ya 19. Yaani kabla ya mkataba wa karatasi kulikuwa na kibuyu katikati.

Lakini kitabu kinachofaa msee yeyote wa Kilifi akitafute ni cha David Parkin, Palms, Wine, and Witnesses, kilichotoka 1972. Alikaa na Wagiriama wa upande wa Kaloleni na kuangalia jinsi wajanja wachache walivyokuwa wananunua minazi na ardhi ya majirani. Hati hazikuwepo. Mti ulikuwa wako kama wazee walikuwepo ulipouziwa na wako tayari kusema hivyo. Na wazee hawaji kukaa bure; wanakunywa. Kwa hivyo mnazi ulikuwa ndio stempu ya lawyer.

Kuna sehemu moja tamu sana. Hawa matajiri wapya walikuwa na shida: ukiwa na doo, kila mtu anataka umnunulie, na ukikunywa na kila mtu pesa zinaisha. Parkin aliona wengine wao walishikwa na pepo za Kiislamu, na dawa ya pepo hizo ilikuwa ni kufuata masharti ya Uislamu, yaani kuacha pombe na kutokula nyama isiyochinjwa na Mwislamu. Basi jamaa anapata sababu ya heshima kabisa ya kutokaa kwa raundi. Si kwamba walikuwa wanaigiza, ugonjwa waliouamini ulikuwa wa kweli kwao. Ila ukiwa na mabeshte wanaokumaliza kila Ijumaa, unaweza kuelewa kwa nini pepo kama huyo angekuja kwa wakati mzuri.

Sheria inaongea lugha ya chupa

Hapa ndipo ngori iko. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile watu huita ya Mututho, iliondoa marufuku ya zamani ya chang'aa na kusema kila pombe iingie kwenye mfumo: leseni, viwango, umri wa miaka 18, saa za kuuza. Halafu Katiba ya mwaka huo huo ikapeleka kazi ya leseni za pombe kwa kaunti. Kwa karatasi, mnazi una njia halali.

Sasa piga hesabu ya saa. Sheria hiyo ilisema baa iuze kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Kwa bia hiyo haina shida, bia ya kwa kreti inaweza kungoja miezi. Mnazi wa alfajiri ukingoja saa kumi na moja jioni umeshakuwa tembo kali. Mgema akifuata sheria neno kwa neno, anauza mzigo wake wa kwanza ukiwa umeshapita ubora wake. Akiuza mchana ukiwa mzuri, karao ana sababu. Hiyo haikuwa njama ya mtu dhidi ya Pwani. Ni sheria iliyoandikwa na watu waliokuwa wanafikiria chupa.

Ndio maana kila msako ukitangazwa Nairobi, joto linafika Kilifi. Ilikuwa hivyo Julai 2015 serikali ilipoamuru pombe za bei ya chini zimwagwe. Ikawa hivyo tena baada ya Februari 2024, pale watu walipokufa Kirinyaga kwa pombe yenye sumu na serikali ikatoa orodha ya masharti mwezi uliofuata. Waliokufa Kirinyaga hawakunywa mnazi. Lakini neno "pombe haramu" ni pana, na polisi akiwa na amri na mtungi mbele yake, si mtu wa kukaa kuuliza kama huu umegemwa ama umepikwa. Mtungi unamwagwa, na mgema hawezi kurudisha saa nyuma, mti utampa mwingine jioni.

Kuna nchi zimejaribu kuandika sheria kwa saa ya mti. Jimbo la Kerala, India, ambako pombe hii ya mnazi inaitwa toddy, lina maduka yake yenye leseni na lilipitisha sheria ya mfuko wa ustawi wa wagema na wauzaji mwaka 1969. Mgema wa huko anatambulika kama mfanyakazi. Sri Lanka wanaipeleka mbele zaidi, wanaikeneka na kutengeneza araki inayouzwa hadi ng'ambo. Kenya tuliunda Mamlaka ya Maendeleo ya Nazi mwaka 2007, ikaja kumezwa baadaye na mamlaka kubwa ya kilimo, na mazungumzo mengi yamekuwa kuhusu mafuta, makumbi na vitu vya kuuza nje. Kotama haimo sana kwenye hayo mazungumzo.

Wakati huo minazi yenyewe inazeeka. Mti unaotoa vizuri ulipandwa na babu. Mwingine unakatwa kwa mbao, mwingine unaondolewa ili kijengwe nyumba za wikendi kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Mnazi mrefu ukipandwa leo unahitaji miaka sita ama saba ndio uanze kuzaa, kwa hivyo mti uliokatwa mwaka huu hauna wa kuushikia nafasi.

Ukibaki kwa mtungi

Siku ya tatu hakuna mtu anakunywa tena. Usimwage. Kilichobaki kimekuwa siki, na siki ya mnazi ni ya maana kuliko ile nyeupe ya supermarket. Ichuje kwa kitambaa, iweke kwa chupa ya glasi mahali penye kivuli na ufunike na kitambaa ipate hewa wiki chache, kisha ufunge. Kata maembe mabichi, weka chumvi, yaanike kidogo, tia pilipili na uyamwagie hiyo siki. Kerala nao hutumia mnazi mchanga kuumua unga wa mkate wao wa appam badala ya hamira, na inafanya kazi pia kwa unga wa vitumbua, kikombe kidogo cha asubuhi kwenye unga wa mchele uliolowekwa, masaa machache tu na umeumuka. Lakini kwa vitumbua lazima uwe mpya. Muulize mama saa.